Kisima Kwanza, Hati Baadaye

Huko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, mti una mwenyewe hata pale ambapo ardhi inayouzunguka haina hati. Kandokando ya laga, yaani mikondo ya mito inayopitisha maji siku chache tu kwa mwaka, huota migunga ambayo Waturkana huiita ewoi. Kiangazi kinapokaza na nyasi zikaisha, wachungaji huchukua upembo mrefu, wakayavuta na kuyatikisa matawi, na maganda yakawadondokea mbuzi waliokusanyika chini. Yanayobaki huokotwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya siku zitakazokuwa ngumu zaidi. Lakini mtu hawezi kujiendea tu na kutikisa mti wowote. Kila kipande cha ukingo kina familia yake, haki ya miti ile hurithishwa, na mgeni huomba ruhusa kabla ya kuingiza mifugo yake. Mfumo huo wanauita ekwar. Una mipaka inayojulikana, una warithi, na una wazee wa kuamua migogoro. Kilichokosekana ni karatasi.

Machi 2012, Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamegunduliwa katika nchi hiyo hiyo ya migunga. Kisima kilichochimbwa na kampuni ya Tullow Oil ya Uingereza kiliitwa Ngamia 1. Vingine vilivyofuata viliitwa Twiga, Etuko, Ekales na Amosing. Magazeti yalijaa matumaini, na haikuwa bure: kaunti iliyosahaulika tangu enzi za ukoloni, ambayo sensa ya 2019 iliihesabu kuwa na watu 926,976, ilionekana kama imepata mlango wa kutokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni huyu alibisha hodi huku tayari ana leseni mkononi, na mwenyeji aliyemfungulia hakuwa na hati ya nyumba yake.

Hoja yangu ni nyepesi kuitamka ingawa kuitekeleza ni kazi. Dhuluma dhidi ya ardhi ya jamii asilia haianzi siku tingatinga linapowasili, wala haianzi siku mto unapochafuka au boma linapohamishwa. Huanza ofisini, miaka kadhaa kabla, pale leseni ya kuchimba inapotangulia hatimiliki ya jamii. Mpangilio huo ukishapinduliwa hivyo, yote yanayofuata, yaani mikutano, fidia, ajira, hata mgao wa mapato, hugeuka kuwa mazungumzo kati ya mwenye haki iliyoandikwa na mwenye ombi. Na ombi, hata likisikilizwa kwa moyo mwema, halilazimishi mtu.

Tazama tarehe zenyewe. Kisima cha kwanza kilichimbwa 2012. Sheria ya Ardhi ya Jamii, iliyokuwa ieleze namna jamii itakavyosajili na kulinda ardhi yake, ilipitishwa 2016, miaka minne baadaye. Malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaliondoka Turkana kuelekea Mombasa Juni 2018. Sheria ya Petroli, iliyoweka wazi kwamba kaunti itapata asilimia 20 ya mapato ya serikali na jamii ya mahali asilimia 5, ilikuja 2019, malori yakiwa tayari barabarani. Agosti mwaka huo huo, shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 hivi iliuzwa nje kwa takriban dola milioni 12. Kila mara kazi ya kuchimba ilikuwa mbele na sheria ya kumlinda mwenye ardhi ikifuata nyuma, ikihema. Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya ya kalenda. Lakini bahati mbaya inayomwangukia mtu yule yule kila mara huwa ni utaratibu.

Utaratibu huo una asili yake. Mwaka 1915, sheria ya ardhi ya serikali ya kikoloni ilitamka kwamba ardhi yote iliyokaliwa na wenyeji wa Kenya ni mali ya Taji la Uingereza. Kwa kalamu moja, watu waliokuwa wenye nchi waligeuzwa wapangaji, tena wapangaji wasio na mkataba. Baada ya uhuru, ardhi ya wafugaji iliitwa ardhi ya amana, na mabaraza ya kaunti yakawa wadhamini wake. Mdhamini ni mtu wa kukulindia mali. Mara nyingi mabaraza hayo yaliigawa mali hiyo bila kumuuliza aliyewekewa. Katiba ya 2010 ilikusudia kuukata mnyororo huo. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii, na kwamba ile ambayo haijasajiliwa itashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, wala haitauzwa au kutumiwa ila kwa mujibu wa sheria. Maneno ni mazuri. Lakini ardhi ya jamii ni zaidi ya nusu ya nchi, na usajili umekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Sehemu kubwa ya Turkana bado haijasajiliwa. Kwa maneno mengine, mwenyewe ametajwa katika Katiba lakini bado hajatajwa katika daftari la ardhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna ugumu wa pili, nao upo katika sheria yenyewe. Kifungu cha 62 cha Katiba hiyo hiyo kinahesabu madini yote na mafuta kuwa ardhi ya umma, yanayoshikiliwa na serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi wote. Basi ardhi moja ina wenyewe wawili: wa juu ni jamii, wa chini ni taifa. Tanzania nayo imefuata mkondo unaofanana, kwani madini ni mali ya Jamhuri hata yakiwa chini ya ardhi ya kijiji. Katika hali ya kawaida wenyewe hawa wawili wangeketi pamoja na kupatana, kwa sababu hakuna njia ya kufikia cha chini bila kupita juu. Lakini haki ya mwenye chini imeandikwa, ina wizara, ina mawakili na ina ramani za vitalu vya uchimbaji. Haki ya mwenye juu imo katika kumbukumbu za wazee. Wakikutana mezani, mmoja anaitwa mmiliki na mwingine anaitwa mwathirika.

Neno mwathirika linasikika kama la huruma, na ndiyo maana hupita bila kupingwa. Ripoti za miradi hulitumia katika kila ukurasa: watu walioathirika na mradi, kaya zilizoathirika, mali iliyoathirika. Lakini mwathirika hupewa pole, haombwi ridhaa. Huulizwa ana mabanda mangapi na miti mingapi ili alipwe, haulizwi kama anakubali. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayoamua nani ataketi upande gani wa meza, na inaeleza kwa nini wakazi wa Turkana walipotaka kusikika walilazimika kuingia barabarani. Oktoba 2013 kazi ya visima ilisimama kwa muda baada ya wakazi kuvamia maeneo ya kazi wakidai ajira na zabuni. Katikati ya 2018 waliyazuia malori ya mafuta kwa wiki kadhaa, wakidai usalama na nafasi za kazi. Waliotazama kwa mbali waliona fujo tu. Asiyekuwa na kiti barazani ataigeuza barabara kuwa baraza.

Turkana haiko peke yake. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, ekari 150,000 zilikodishwa kwa mradi mkubwa wa umeme wa upepo wakati wa mfumo wa zamani wa mabaraza. Ni nchi ya malisho na maji ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Wakazi walikwenda mahakamani 2014. Hukumu ilitoka Oktoba 2021, ambapo mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru ilisema hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha taratibu, na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro. Wakati huo mitambo 365 ilikuwa imeshasimikwa na umeme unatiririka katika gridi ya taifa. Upepo hauchimbwi ardhini, ila kisa ni kile kile: haki ilithibitishwa baada ya jambo lenyewe kuwa limekwisha kutendeka. Jaji anapokuta nguzo 365 zimesimama, swali linakoma kuwa nani mwenye ardhi, linakuwa sasa tufanyeje na hiki kilichokwisha jengwa.

Huko Olkaria, karibu na Naivasha, kinachotolewa ardhini ni mvuke. Agosti 2014, familia za Wamasai zipatazo 150 zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, zikapelekwa makazi mapya yenye nyumba za kisasa. Nyumba zilikuwa imara kuliko zile za zamani, na hilo ni haki kulikiri. Lakini malalamiko yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa miongoni mwa wafadhili. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilibaini kasoro, ikiwemo sera ya benki kuhusu watu wa asili kutozingatiwa ipasavyo, na usuluhishi ukaendelea hadi 2016. Mengi waliyoyadai watu wale yalikuwa mambo ya kumalizwa kabla ya kuhama: hati ya ardhi mpya, barabara, umbali wa malisho. Waliyajadili wakiwa wameshahama, hali ya mtu aliyekwisha kutoa kitu chake na sasa anasubiri malipo.

Kisa cha Waendorois wa Ziwa Bogoria ndicho kirefu kuliko vyote. Waliondolewa kandokando ya ziwa hilo katika miaka ya 1970 ili ianzishwe hifadhi ya wanyama. Baadaye, sehemu ya nchi ya mababu zao ikatolewa leseni za kuchimba rubi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi uliotangazwa Februari 2010, ilisema Kenya ilikiuka haki yao ya mali, ya utamaduni, ya maliasili na ya maendeleo, ikapendekeza warejeshewe ardhi na walipwe mrabaha. Uamuzi huo ulisifiwa bara zima, na kwa haki, kwa kuwa uliipa haki ya maendeleo maana ambayo haikuwahi kupewa: kwamba mtu hawezi kuendelezwa bila hiari yake. Hata hivyo, tangu kufukuzwa hadi kuambiwa kuwa mlidhulumiwa ilipita zaidi ya miaka 30. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuondoka alikuwa na watoto wake mwenyewe siku ya hukumu. Haki inayokuja baada ya kizazi kizima huwa ni heshima kwa waliofariki kuliko msaada kwa walio hai.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili majibu. Ya kwanza, na yenye nguvu kuliko zote, ni kwamba mafuta na madini ni mali ya Wakenya wote. Kwa nini kikundi cha wafugaji wachache kiwe na uwezo wa kuzuia hazina ambayo ingejenga hospitali Busia na shule Kwale? Hoja hii ina uzito, kwa sababu taifa lisilogawana mali yake si taifa. Lakini inachanganya mambo mawili. Kuwa mwenye mali ya chini hakumpi mtu haki ya kuivunja nyumba ya juu bila mapatano, kama vile mwenye maji yaliyo chini ya kiwanja cha jirani asivyoruhusiwa kung'oa msingi wa jirani huyo usiku. Tena mzigo wa maendeleo ya wote haufai kubebwa na wachache walio maskini kuliko wote. Ikiwa taifa linahitaji ardhi hiyo kwa lazima, Katiba ina njia yake: Kifungu cha 40 kinaruhusu kuitwaa kwa manufaa ya umma na kulipa fidia ya haki, tena kwa haraka. Lakini hata kutwaliwa kwa lazima kunahitaji kujulikana nani ananyang'anywa. Bila daftari, hata fidia haina pa kufikia.

Afrika Kusini imeonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Huko pia madini yako chini ya mamlaka ya dola. Kampuni ya Australia ilitaka kuchimba titani katika mchanga wa Xolobeni, kwenye pwani ya Jimbo la Cape Mashariki, katika ardhi inayomilikiwa kimila na jamii ya Amadiba. Novemba 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba leseni haiwezi kutolewa kwa kushauriana tu na wakazi. Lazima wakubali, kwa kuwa haki zao za kimila zinalindwa na sheria ya 1996 hata kama haziko katika mfumo wa hati za kisasa. Dola ya Afrika Kusini haikuanguka, wala sekta yake ya madini haikufungwa. Kilichobadilika ni kwamba kampuni inayotaka kuchimba katika nchi ya namna hiyo lazima iende kwa wenyewe kwanza, ikae, ieleze, isikilize, na ikubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Hiyo ndiyo maana ya ridhaa: kama hapana haiwezekani, basi ndiyo haina thamani.

Hoja ya pili ni kwamba ardhi ya wafugaji ni kubwa na tupu, na eneo la kisima ni hekta chache tu. Hizo chache zitamdhuru nani? Hapa ndipo ile migunga ya laga inaporudi. Nchi kavu haina thamani inayolingana kila mahali. Maelfu ya ekari za mawe na vumbi zinategemea kipande chembamba cha ukingo wenye miti, kisima cha maji cha kuchimbwa kwa mkono, na njia ya kupitisha mifugo kati ya hapo na malisho ya masika. Ukiweka uzio kwenye kipande hicho wakati wa ukame, umeifunga nchi nzima inayokitegemea, hata kama kwenye ramani umechukua nukta tu. Mhandisi huhesabu hekta alizochukua, mfugaji huhesabu miezi aliyopoteza. Na ile dhana ya ardhi tupu haikutokana na kukosa macho. Imeandikwa katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, katika kueleza ardhi ya jumla ni ipi, inataja pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kwa mfugaji, malisho yaliyoachwa yapumzike msimu mmoja yanatumika. Kuachwa huko ndiko kuyatumia. Anayekagua akiwa na kalamu mwezi wa mvua, mifugo ikiwa mbali, ataandika kuwa hapana mtu.

Hoja ya tatu inasema jamii imeshapewa fungu lake, asilimia 5 ya mapato ya petroli, na kwa madini mengine Sheria ya Madini ya 2016 imeitengea asilimia 10 ya mrabaha. Je, hilo halitoshi? Mgao ni jambo jema, na walioupigania wanastahili shukrani. Lakini mgao wa mapato si mbadala wa haki ya ardhi, na historia fupi ya Turkana inaeleza kwa nini. Uuzaji wa majaribio ulikoma 2020. Wabia wa awali wa Tullow walijitoa. Miaka ikapita bila pipa kuuzwa. Katika kipindi hicho, asilimia 5 ya mapato ilikuwa asilimia 5 ya sifuri, hali nafasi iliyotengwa kwa ajili ya visima ilibaki imetengwa. Mwenye ardhi anayetambuliwa hulipwa kodi ya ardhi yake iwe mpangaji amepata faida au amekula hasara. Anayengoja mgao hubeba hatari ya biashara ambayo hakuiingia kwa hiari yake. Bei ya mafuta ikishuka London, ni yeye anayefunga mkanda huko Lokichar, kwenye visima vya Turkana.

Wapo pia wanaouliza: jamii asilia ni nani katika Afrika, ambako sote ni wenyeji? Swali hili huulizwa kwa nia njema na kwa nia mbaya pia, na lina jibu. Katika muktadha wa Afrika, neno hilo halibishani juu ya nani alitangulia kufika. Linahusu jamii ambazo maisha yao yamefungamana na ardhi fulani kwa namna ya pekee, na ambazo zimewekwa pembezoni na dola ya kikoloni na ile iliyoirithi, hasa wafugaji na wawindaji. Ndivyo Tume ya Afrika ilivyolielewa, na ndivyo Mahakama ya Afrika yenye makao yake Arusha ilivyoamua Mei 2017 katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau, ingawa serikali ya Kenya ilipinga. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara ya utu wao, na wapewe hati ya ardhi ya mababu zao kwa pamoja. Tena hoja ya makala haya haiwabagui wengine. Mkulima wa kijiji anayeamka na kukuta mipaka ya leseni imepita katikati ya shamba lake ana dai lile lile. Tofauti ni kwamba yeye ana mihogo ya kumwonyesha mthamini, na mfugaji ana nyayo za mbuzi mchangani.

Hoja ya mwisho ni ya vitendo: kusajili ardhi yote ya jamii kabla ya kuchimba kutachukua miaka mingi, wawekezaji watakwenda kwingine, na hati zenyewe zitaishia mikononi mwa vigogo. Hofu ya vigogo si ya kubuni. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa kwa sheria ya 1968 katika nchi ya Wamasai zilikuwa na hati, na bado wajumbe wa kamati katika sehemu nyingi walijigawia na kuuza, wakati orodha za wanachama zilijaa majina ya wanaume pekee. Somo lake ni kwamba hati peke yake haitoshi. Anayeishika lazima adhibitiwe na wenzake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imejaribu kulijibu hilo: kamati inawajibika kwa baraza la jamii nzima, wanawake wakiwemo, na mkataba wa uwekezaji unahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya baraza. Ni kinga nzuri, lakini haifanyi kazi mahali ambapo jamii haijasajiliwa, kwa kuwa hakuna baraza la kisheria la kupiga kura. Kuhusu kuchelewa, tuulize ni nani aliyechelewesha. Tangu Ngamia 1 imepita zaidi ya miaka kumi, na muda wote huo mafuta hayajajenga bomba la kuyafikisha pwani. Usajili wa maeneo ya visima na njia zake ungeweza kufanywa na kukamilika ndani ya muda huo. Haukuwa mrefu kuliko mradi. Haukuwekewa fedha wala wapimaji kama mradi ulivyowekewa.

Basi kifanyike nini? Kwanza, kitalu chochote kitakachotolewa kwa utafiti au uchimbaji juu ya ardhi ya jamii kisiruhusiwe kuanza kazi hadi jamii ya eneo hilo iwe imesajiliwa, na gharama ya upimaji ilipwe kutokana na ada za leseni. Anayetaka kuharakisha mafuta aharakishe hati. Pili, haki ndogo zilizomo ndani ya ardhi ya pamoja, kama ekwar, visima vya mkono na njia za mifugo, ziandikwe katika daftari hilo kwa majina yake na kwa lugha ya wenyewe. Hatimiliki inayotaja mipaka ya nje tu humlinda mwanakijiji dhidi ya mgeni, lakini humwacha mjane bila kinga mbele ya mwenyekiti. Tatu, kodi ya ardhi ilipwe kila mwaka bila kujali kama mafuta yametoka, na mkataba utaje siku ambayo ardhi isiyotumika itarudi kwa wenyewe, ikiwa imesafishwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalopinga uchimbaji. Yote yanaupinga uchimbaji unaoanza kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Mwaka 2025 Tullow iliuza maslahi yake yote ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy, kwa kima kisichopungua dola milioni 120. Biashara hiyo ilikuwa halali na ya kawaida, na inatufundisha jambo ambalo hotuba nyingi zimeshindwa kulifundisha. Haki ya kuchimba chini ya nchi ya Turkana iliweza kupimwa, kuthaminiwa na kuhamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mbali na laga za Lokichar, kwa sababu iliandikwa. Haikupotea hata wakati visima vimefungwa na malori yameondoka. Iliisubiri siku yake katika makabati ya mawakili, ikiwa salama kabisa. Haki ya familia juu ya migunga iliyo juu ya mafuta hayo hayo ni ya zamani zaidi, imeshuhudiwa na watu wengi zaidi, na imelisha watoto wengi zaidi, lakini katika biashara ile haikuwa na mstari wake. Sasa mmiliki mpya wa kitalu anapojiandaa kuanza kazi, serikali ya taifa na ya kaunti zimepata kile ambacho 2012 hakikuwepo: sheria iliyokamilika na muda kidogo kabla ya mitambo kunguruma tena. Wapimaji watangulie safari hii. Wafike kiangazi, si masika, na wapite ukingoni mwa laga wakati ambapo kila mti una mbuzi chini yake na mwenyewe kando yake.